Filimbi Yangu Hainyang'anywi kwa Kujinyoosha

Siku ya Mungu, Jumapili asubuhi. Mvua imekatika, ukungu umelalia ziwa, na mutu anayezuia Bukavu yote isinenepe iko na hasira. Mutu huyo ni mimi.

Mimi ndiye naimbishaka kundi letu la mbio asubuhi: naanzisha wimbo, wao wanaitikia huku tunakimbia. Nikipuliza filimbi, hata mbwa wa Bagira wanaingia mustari. Siku moja kule Nyangezi niliimba mpaka ng'ombe wakaacha muchungaji wao, wakatufuata mpaka mujini. Mashahidi wako.

Leo Nadine, mutoto wa kaka yangu, aliyesomea mambo ya misuli na viungo, amesimama mbele ya wote.

"Tonton, asiyejinyoosha kabla ya mbio haimbishi. Utajiumiza."

Papa Déo, anayetamani filimbi yangu tangu zamani, akainama palepale akagusa vidole vya miguu, huku ananiangalia.

Nikajibu: "Mbuzi anapandaka mulima wote bila kujinyoosha. Ulishaona mbuzi anachechemea?"

"Tonton, paka anajinyooshaka kila asubuhi."

Watu wakacheka sana. Filimbi wakampa Papa Déo.

Filimbi yangu!

Nikakimbia nyuma kabisa. Papa Déo akaondoka mbio kama mutu anayefukuzwa na nyuki. Tulipofika muteremuko wa Kasha, huyo aliyejinyoosha kama unga wa mandazi akashika nyama ya muguu: "Yooo, mama yangu!" Akakaa chini katikati ya barabara.

Nilimuhurumia. Kidogo.

Nadine akamufunga kitambaa, kisha akakubali: kujinyoosha peke yake hakuzuii mutu kuumia, kinachosaidia zaidi ni kuanza polepole, mwili upate moto. Alisema kwa sauti ndogo. Mimi nikarudilia kwa sauti kubwa, wa nyuma wasikie.

Filimbi imerudi shingoni mwangu, na haitoki tena. Nitaanza polepole, sawa, hiyo ni akili. Lakini kujinyoosha mbele ya watu? Waje na daktari, waje na askofu, mimi sijinyooshi!

Nadine hasomake blogu hii, basi niandike na hili. Mbuzi alikuwa kisingizio tu. Nikiinama, mikono yangu inakomea kwa magoti. Kamba za viatu vyangu vya mbio, bibi yangu wa ndoa ndiye anazifungaka, tena mulango ukiwa umefungwa.