Fomu Namba 0417

Jumanne, 4 Juni

Wifi yangu amekatwa kisu kiganjani. Mchana kweupe! Saa mbili asubuhi, watu wanapita kwenda kazini. Alikuwa ameinama anafungua kufuli la saluni yake, mshenzi mmoja akauvuta mkoba. Mtu mwingine angeuachia. Wifi, na ule ukaidi wake, akang'ang'ania. Jamaa akatoa kisu, naye akakidaka. Kwa makali! Nimemgombeza njia nzima hadi hospitali huku machozi yananitoka.

Kituo cha polisi kinatazamana na saluni. Askari wawili walikuwa barazani na vikombe vya chai. Walisimama, wakaangalia jamaa anavyokimbia, wakakaa. Mmoja alituambia kwamba tukishapata fomu ya polisi turudi, atatusikiliza.

Hospitali nako — muuguzi hakugusa mkono. Fomu ya polisi iko wapi? Jeraha la kisu halishonwi bila fomu ya polisi. Taulo limelowa damu, wifi midomo imekuwa myeupe, muuguzi ananiuliza fomu. Na mimi sikubisha. Nibishe vipi, wakati fomu zenyewe nazitoa kopi mimi? Tangu Januari kituo hakina fomu, kila aliyeumizwa anaelekezwa dukani kwangu: nenda kwa Mama Kopi, akutolee moja, urudi nayo tuigonge muhuri.

Basi nikamwacha kwenye benchi nikakimbia. Duka, mashine, fomu, kituo. Pale kituoni koplo wa mapokezi, yule tunayemwita Bwana Muhuri kwa sababu muhuri wa serikali unashinda mfukoni mwake kama leso, ametoka. Ameenda wapi? Kunyoa. Nimesubiri saa nzima amalize ndevu!

Nyuzi tisa. Uzi tumenunua wenyewe duka la dawa la nje, hospitali haina.

Nina hasira. Nalala.

Jumatano, 5 Juni

Vidole viwili havikunjiki. Cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Daktari amemwambia akunje, wifi akakaza uso mpaka mshipa wa shingo ukatokeza, vidole vimenyooka tu.

Kano zimekatika. Zinaungwa hospitali kubwa, hapa hawawezi. Na iwe ndani ya wiki tatu, akasema, zikipita hapo kano zinasinyaa, hazishikani tena. Tarehe 25.

Wifi ni msusi. Miaka kumi na tisa anasuka. Njiani akaniambia usijali wifi, nitasuka kwa meno. Nikacheka. Halafu nikajichukia kwa kucheka.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tumeenda kwa karani wa rekodi atuandikie barua ya rufaa. Mwaka huu wamepata kompyuta, wagonjwa wote wa kuumizwa wanaingizwa kwa namba ya fomu ya polisi. Karani akaandika 0417, akamtazama wifi, akaitazama tena kompyuta.

Akasema namba hii ni ya mwanamume. Miaka hamsini na mbili. Alipasuka nyusi, Januari. Amepona, ameruhusiwa kwenda nyumbani.

Wifi akanyanyua mkono uliofungwa bendeji. Karani akasema — na wala hakuwa na ubaya, alisema kama mtu aliyechoka — kompyuta haioni mkono, mama. Mgonjwa huyu alishapona, hawezi kupewa rufaa. Leteni fomu yenye namba nyingine.

Nimerudi dukani, nimetoa fomu ya asili kwenye droo. Ile aliyoniletea Bwana Muhuri Januari, imenyofolewa kwenye kitabu chao. Juu kulia, kwa peni: 0417. Na kopi zote nilizotoa kwenye karatasi hiyo: 0417, 0417, 0417. Yule mama anayepigwa na mumewe. Mwalimu aliyevunjwa taya. Kijana wa gereji. Wote hao ni mzee mmoja aliyepasuka nyusi akapona!

Na mimi niliiona! Siku ile ile aliyoileta niliiona. Nikamwambia, afande, hapa nibandike kipande cha karatasi, namba isitoke kwenye kopi. Akanikemea mbele ya wateja: waraka wa serikali haufutwi kitu. Ni kosa la jinai. Hata akachukua peni akaandika kwa nyuma, "Namba isiguswe", akatia sahihi yake, ili nisijifanye sijasikia. Nikatii. Basi nikazoea. Unatoa kopi, unampa mtu, unaita mwingine. Miezi mitano sijaisoma hata mara moja. Mjinga gani mimi!

Jumatatu, 10 Juni

Nimeenda kituoni kuomba namba mpya. Nayaandika kama yalivyo kwa sababu kesho nitadhani nimeota.

Bwana Muhuri: namba mpya inatoka kwenye kitabu cha fomu.
Mimi: kitabu kiko wapi?
Kililowa mvua, kikatupwa. Ilibaki ile karatasi moja.
Basi agizeni kingine.
Kitabu kipya kinaagizwa cha zamani kikiisha.
Si kimekwisha?
Hakijaisha, mama. Daftari linaonyesha tumetumia fomu moja tu.

Nikamwambia, lakini afande, kitabu hakipo! Akasema hakipo, ndiyo, lakini hakijaisha.

Uso mkavu kabisa. Nilitamani kumrukia. Nikashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, nikamuaga vizuri. Kuagana vizuri na mtu wa namba hiyo kunachosha kuliko kufua.

Alhamisi, 13 Juni

Wifi amefungua saluni. Nilimkataza. Mteja wake wa siku nyingi amekaa kitini, wifi akashika nywele kwa mkono wa kushoto, zile za mkono wa kulia zikawa zinamponyoka. Akajaribu tena. Mteja akasema pole dada, nitarudi ukipona, akajifunga kitambaa akaondoka.

Wifi amelia. Hakulia siku tulipomzika kaka yake, mume wangu — mimi ndiye niliyebebwa, yeye alikuwa anagawa viti. Leo amelia ameegemea sinki la kuoshea nywele.

Siku kumi na mbili zimebaki.

Jumamosi, 15 Juni

Mkutano wa wakazi, ukumbi wa shule. Mwenyekiti wa mtaa aliuitisha kwa ajili ya malalamiko: wizi asubuhi, askari hawaonekani, hospitali haina nyuzi wala dawa ya ganzi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani.

Akasimama mkuu wa kituo. Ana karatasi. Akasema wananchi wanapenda kusema-sema, yeye anakwenda kwa takwimu. Mwaka huu, tangu Januari mpaka leo, watu waliojeruhiwa katika mji huu ni mmoja. Mmoja! Mwaka jana walikuwa mia mbili na kitu. Usalama umeimarika. Waliokaa viti vya mbele wakapiga makofi.

Akasimama mganga mkuu. Naye na karatasi yake. Nyuzi na ganzi tunaletewa kwa hesabu ya majeruhi waliopita, na majeruhi kwenye kompyuta ni mmoja, kwa hiyo tumeletewa za mmoja. Alisema kwa sauti ndogo, nadhani hata yeye aliona haya.

Mimi sikupanga kusema. Naapa sikupanga. Nimejikuta tu nimesimama, wifi ananivuta gauni nikae.

Nikasema: hizo fomu nazitoa mimi. Dukani kwangu. Zote zina namba moja, na niliambiwa nisiiguse. Kisha nikasema, kila aliyetibiwa mwaka huu kwa fomu 0417, asimame.

Halafu kijana wa gereji akasimama. Mwalimu wa taya. Mama mmoja na binti yake, pamoja. Kule nyuma viti vikaanza kukwaruza sakafu, mstari baada ya mstari, watu wananyanyuka, wengine wanaonyesha makovu. Wifi naye akasimama, mkono juu. Mwisho akasimama mzee mmoja mwembamba, akajigusa nyusi, akasema kwa upole: nadhani mimi ndiye yule mmoja.

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko na matusi pamoja.

Mkuu wa kituo hakucheka. Aliniuliza jina langu. Ananijua! Vyeti vya watoto wake nimevitoa kopi mimi. Aliniuliza tu ili aonekane analiandika.

Jumapili, 16 Juni

Jana nililala nimeridhika. Leo naogopa. Ndivyo nilivyo, nachemka leo naganda kesho.

Jumanne, 18 Juni

Askari kijana amekuja kunieleza kwamba nachunguzwa. Kutengeneza nyaraka za serikali bila kibali. Nimemwambia wewe mwenyewe umewaleta watu hapa, wiki iliyopita tu, ukawashika mkono. Akaangalia viatu vyake.

Lakini kilichoniumiza si yeye. Amekuja yule mama anayepigwa na mumewe. Kesi yake ilikuwa leo. Mwanamume amesimama akasema fomu ni ya bandia, Mama Kopi mwenyewe alikiri mbele ya mji mzima. Kesi imetupwa. Inabidi arudi nyumbani pamoja naye. Pamoja naye!

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Amesimama mlangoni akaniuliza, sasa mimi nifanye nini? Nimempa maji ya kunywa. Maji!

Namchukia mkuu wa kituo, namchukia Bwana Muhuri na ndevu zake. Na leo najichukia mimi na ule mdomo wangu.

Alhamisi, 20 Juni

Daktari wetu ameongea kwa simu na hospitali kubwa. Jumatatu tarehe 24 kuna nafasi kwenye chumba cha upasuaji. Moja. Wanataka barua ya rufaa yenye namba safi, ifike kabla ya kesho jioni. Baada ya hapo nafasi inakwenda kwa mtu mwingine, na daktari wa kano anasafiri hadi Julai.

Wifi amesema potelea mbali, atajifunza kuuza vocha. Amesema hivyo huku anavikunja vile vidole kwa mkono mwingine, kimoja kimoja, kama anavifundisha.

Ijumaa, 21 Juni

Saa tisa alasiri. Umeme hakuna tangu asubuhi. Naandika kwenye kaunta, na Bwana Muhuri amekaa mbele yangu kwenye kiti cha wateja.

Alifika na bahasha. Ndani: fomu mpya, ya kuchapwa, si kopi. Namba 0418. Jina la wifi limeshajazwa, muhuri umeshagongwa. Kumbe namba zinapatikana! Karibu wiki mbili ananizungusha kwamba kitabu hakijaisha, na leo kitabu kimeisha!

Anachotaka ni vitu viwili. Kwanza, ile karatasi ya asili yenye maandishi yake nyuma. Nimempa. Ameikunja, ameitia mfukoni pamoja na muhuri. Pili, maelezo kwa mkono wangu: kwamba fomu nilizitengeneza kwa hiari yangu, kituo hakikujua. Nikitia sahihi, bahasha ni yetu sasa hivi, na hospitali ni dakika kumi kwa miguu. Nikikataa, anaondoka nayo. Amesema kwa upole, mama, mimi pia nina wakubwa. Utapigwa faini tu, hufungwi. Sijui kama ni kweli. Nadhani hata yeye hajui.

Wifi yupo. Amekaa kwenye stuli mwisho wa kaunta. Nilidhani atasema usiandike uongo kwa ajili yangu. Hajasema. Ameisogeza bahasha karibu yake kwa mkono wa kushoto, ameiwekea kiganja juu. Simlaumu hata kidogo. Na namlaumu pia, kidogo.

Nikiandika, wale wote waliosimama ukumbini wamekwisha. Yule mama wa mume pia, na safari hii kwa sahihi yangu. Nisipoandika, vidole vya wifi. Mungu wangu, nani amenipa mimi kazi hii? Mimi natoa kopi tu!

Bwana Muhuri anadhani naandika maelezo. Ameniambia andika tu mama, usiharakishe, mradi saa kumi isipite. Anachezea simu yake.

Umeme umerudi. Feni imeanza kuzunguka. Mashine nyuma yangu imewaka, inajipasha moto. Huwa inachukua dakika mbili.

Nimemwomba ile karatasi niishike kidogo. Nimemwambia nataka kunakili namba na tarehe sawasawa, maelezo yasije yakawa na kasoro.

Amenipa. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. Nimeigeuza upande wenye sahihi yake, nasubiri mashine.