Nilikata Springi ya Bastola ya Mke Wangu

Mpendwa Shangazi Maudine, naomba msaada, na tafadhali nifichie jina, maana mke wangu Lurleen husoma safu yako kabla hata ya kunywa kahawa. Ana bastola ya silinda aliyoachiwa na babake, ile ya risasi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili, na triga yake ni nzito mno, na vidole vyake vina baridi yabisi, na kila mwaka kwenye mashindano ya kulenga makopo hapa Kentucky anashindwa na dada yake Opal, basi mimi kwa huruma, na kwa ujuaji, nikaifungua akiwa kanisani, nikakata kwa koleo kipande cha springi ya ile nyundo inayogonga risasi, triga ikawa laini kama siagi, Lurleen akanisifu mbele ya majirani akidhani nimetia mafuta tu, na mimi, Shangazi, sifa nikazipokea. Jumamosi akasimama mbele ya makopo sita, akavuta, ikalia tik, akavuta tena, tik, risasi nne zikagoma, Opal akamwambia, "Dada, jaribu kuyazomea, huenda yakaanguka," watu wakacheka, na Lurleen akaenda moja kwa moja kwa mzee Hobart aliyemuuzia risasi, akamwita tapeli mbele ya wateja wake, na sasa anawashawishi wanakwaya wasinunue tena pale. Je, ninyamaze tu?

Mwenye Hatia

Mwenye Hatia,

Pole, na ukome. Jina lako nimelificha, lakini umemtaja mkeo, shemeji yako na muuza risasi, kwa hiyo hapo kwenu umebaki siri kwa paka tu.

Risasi hizo hazilipuki mpaka nyundo izigonge ukingoni mwa kitako kwa nguvu. Wewe umeikata nguvu hiyo, kisha ukamwacha mzee wa watu atukanwe. Na bastola inayogoma si mchezo, kwani risasi yaweza kuchelewa, ikalipuka mtu akiichungulia.

Usiifungue tena bastola hiyo. Mpelekee fundi wa bunduki aweke springi nzima, asugue vyuma vinavyokwaruzana ndani; triga hulainishwa hivyo, si kwa koleo. Mwambie Lurleen leo, ukiwa umekaa. Kesho nenda dukani saa ya wateja wengi, useme "Kosa ni langu" kwa sauti ileile aliyotukania mkeo.

Marehemu mume wangu aliwahi kunirekebishia jiko, nikapoteza nyusi. Nilimsamehe. Bisibisi sikumrudishia.