Fasi ya Chukudu Mbele ya Magasin Yetu

Mushaki, Siku ya Mungu, nyuma ya misa

Kwa yaya yangu mupenzi Valentin,

Nakusalimia mu jina la Bwana, weye pamoja na bibi yako na watoto wote kule Butembo. Je, muko na afya? Magoti ya Mama inaendelea namna gani na ile baridi? Huku mimi na mutoto wangu Archange tuko wazima kwa mwili. Kwa roho siwezi kukudanganya, yaya: niko na kasirani mingi. Nilingoja ipungue mbele ya kushika bic, haikupungua. Basi ninakuandikia nayo vile iko.

Unajua magasin yetu iko fasi gani. Ukishaingia mu centre ya Mushaki, barabara inashuka tu kuelekea Sake, na mbele ya mulango yetu njo kuko fasi moja tu yenye iko plat, sawa meza. Ile fasi haikujitengeneza. Ni watu wa kusukuma chukudu za mbao za magurudumu mbili waliijaza jiwe kwa jiwe kila Siku ya Posho mu salongo, ile kazi ya wote, bila muntu kuwapa ata kikombe ya chai. Ndiyo maana wakitoka ku milima ya Karuba na maharagi walikuwa wanasimamisha chukudu zao pale, wanapumzika, wanauzisha, kisha wanaingia kwangu kununua chumvi, sabuni, na kitambaa ya bibi.

Sasa sikia. Chef wa centre alituita siye wote wenye kufanya biashara, akasema Mushaki inapashwa kuwa na plan sawa miji zingine. Akasema ile fasi plat inakuwa parking ya magari, na chukudu zote zitasimama kule chini ku daraja. Wakasimika miti ya kuzunguka ile fasi, wakaipakala rangi nyeupe, wakaweka muntu wa kulipisha amende kila chukudu itasimama pale. Nilimuuliza chef magari gani. Akanijibu eti parking ikikuwa, magari itakuja. Heee! Tangu ile siku naonaka jeep ya padri mara moja moja, na camion yako ikifika na mizigo ya magasin. Siku zingine ni mbuzi tu zinalala pale.

Mwenye alifikiri ile kitu hajasukuma chukudu ata siku moja mu maisha yake. Chukudu yenye gunia za maharagi ikishaanza kushuka, haisimamake katikati ya mutelemuko! Sasa zinapita mbele ya mulango yangu mbio, watu wananipungia mukono, Mama Archange jambo, wanaenda. Wakifika chini wanauzisha kule kule, na nani atapanda tena kilima yote kununua sabuni? Wanunuzi wa maharagi nao wamehamia chini. Nyiraneza mwenye alikuwa anapikia watu amefunga malewa yake. Cindy amebeba mashini yake ya kushona, amepeleka Sake. Centre wameiua, na wanaita ile maendeleo. Mimi nashinda nimekaa nyuma ya meza, nafukuza nzi.

Unamukumbuka Edmond wa Karuba, ule murefu mwenye alipendaka kuingia kucheka na siye. Wakati barabara ilikatika, yeye njo alitubebea mizigo yote toka Sake, na hakupoteza ata buji moja ya kuwasha mu njia. Juma iliyopita bibi yake Rosalie alimutuma chumvi kwangu. Aliogopa amende, hakusimama pale plat. Alijaribu kusimama mbele kidogo, pale inaanza kushuka tena. Alikanyaga frein, ile kipande ya pneu ya kusimamisha gurudumu, ikateleza mu matope. Gunia zote zilimupita juu. Muguu ulivunjika vibaya, Valentin, mufupa ulionekana. Nilikaa chini mu matope nikamushika kichwa, na parking mutupu iko pale nyuma yetu na miti yake nyeupe. Nililia, na haikukuwa huruma tu, ilikuwa kasirani.

Kesho yake nilikusanya wamama, Rosalie mbele, tukaenda ku bureau. Niliongea sawa muntu mwenye kichwa imeruka. Nilimuita chef muntu bila haya, nikamuambia hajui ata nani anamulisha. Kisha chef akaniambia, mbele ya wamama wote, kwamba ile parking haikutoka mu kichwa yake, niulize yaya yangu. Eti ni weye, wakati ulikuja kwa batizo ya Archange, uliyemuomba ile fasi kwa kusimamisha camion yako. Eti ulimuambia chukudu zinachafua mbele ya magasin na zinafukuza wanunuzi wa maana. Ata ile miti, eti ni weye uliinunua.

Rosalie aliniangalia, akaniuliza pole pole kama nilijua. Nilisema hapana, na sijui kama aliniamini. Valentin, ulikula kwangu, ulilala kwangu, na haukuniambia! Wanunuzi wa maana ni wakina nani? Feza ya masomo ya watoto wako inatoka ku maharagi ya Edmond!

Sasa nikuambie yenye nimefanya, usiisikie kwa Callixte chauffeur wako. Jana saa ya salongo nilishika jembe, nikang'oa muti ya kwanza mimi mwenyewe. Wamama wakang'oa zingine. Chef alisimama ku mulango ya bureau, akaangalia tu. Callixte alipofika alikuta chukudu zimejaa ile fasi yote, na hakuna muntu alimuachia njia. Alishusha mizigo yako kule chini, na chukudu njo ziliipandisha, watu wanasukuma mpaka jasho inawaingia mu macho. Nimewapa chumvi na sabuni ya mu camion yako. Gunia ya muchele nimepeleka kwa Rosalie. Sikukuomba ruhusa, na sitaiomba.

Najua magasin iko kwa jina yako. Ukitaka kunifukuza, kuja unifukuze, ufunguo iko. Lakini uanzie kwa Edmond, usianzie kwangu. Hajui bado ni weye uliomba ile fasi. Kila mara nikienda kumuona ku hôpital ananiuliza habari yako, anasema kama Valentin angekuwa hapa, hawangethubutu kutuondoa pale. Rosalie amekataa kumuambia. Amesema ile ni kazi yako.

Nisalimie Mama, lakini usimusomee hii barua, tension yake ya damu itapanda. Ubusu watoto wote kwa jina yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mudogo wako, na kasirani haijaisha,

Kavuo