Uzi Ambao Sikuusikia

Jumatano, Ihanda

Nimemdanganya mtu aliyetaka kunisaidia.

Ni kule Tunduma, kwenye utafiti wa sisi wenye kisukari. Walishanipiga picha za macho. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu Neema, akasema, "Mama, fumba macho. Nitakugusa nyayo kwa uzi huu. Ukisikia, sema."

Nikangoja. Kimya kilipozidi nikaogopa, nikasema, "Nasikia. Kidole gumba."

Akasita. "Mama, bado sijakugusa."

Aibu niliyoiona! Mimi, mwalimu, nimekamatwa nikiibia mtihani. Hakunikaripia. Alisema sukari imeharibu neva za miguu na mishipa ya damu ya macho, na jicho la kushoto linavuja damu kwa ndani. Wiki ijayo natakiwa Mbeya, wakalichome kwa mwanga wa leza. "Haitarudisha kilichopotea," alisema, "ila italinda kilichobaki."

Kilichobaki ni kiasi gani? Sikuuliza. Naogopa kupofuka. Naogopa kukatwa mguu. Naogopa hata kulala, maana nikiamka na nisione...

Niliposhuka kwenye gari nilikatiza shambani, kwenye kahawa, nikafika nyumbani jioni. Baba Neema akauliza, "Wamesemaje?"

Nilitaka kujibu, "Salama tu." Nikashindwa. Nikamweleza yote, kisha nikamwomba anikague nyayo, kama daktari alivyoagiza.

Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu.

"Mama Neema," akasema taratibu, "huu mwiba umekuchoma saa ngapi?"