Safari ya Kumkagua Mkwe

Jumanne, 5 Agosti 2025. Jinja.

Mji wa kihistoria, wanasema. Historia niliyoiona mimi ni mashimo ya barabara. Maduka ya zamani ya Wahindi ni mazuri, nisiseme uongo, mengine yana tarehe juu ya milango – lakini nani atazisoma, na bodaboda imekubeba kama gunia la viazi? Leo nimepanda moja kwenda Wanyange kuliona ziwa. Dereva akampakia mtu mwingine nyuma yangu bila kuniuliza! Mwanamume, tena na jogoo mkononi. Nilipogomba, eti mama usijali, huyu anashuka karibu. Kashuka Wanyange, pale pale niliposhuka mimi.

Na Kiswahili chao! Kila kitu "iko". Ukiwasemesha vizuri wanakutazama kama askari aliyekuja kuwakamata.

Sikuja kutalii. Kaka yangu Lukman, anayeishi hapa Jinja, kaniita nije kutoka Mombasa kwa ajili ya binti yake, Ruqaiya, ambaye nilimlea mimi mpaka akamaliza shule. Kijana wa Mbale, Zubairi, ameleta posa. Walionana arusini huko huko Mbale, mengine yote ni ya simu. Lukman anasema nikimkubali mimi, amekubaliwa. Nikimkataa, basi. Ruqaiya hali chakula, ananikodolea macho tu.

Jumatano, 6 Agosti. Mbale.

Nimeletwa na Geresom, jirani wa Lukman, kwa pikapu yake ya magodoro. Heri magodoro!

Mlima wanaousifu umejificha mawinguni. Nyumba ya kijana iko Namakwekwe, vyumba viwili vya kupanga. Nimetafuta vumbi, sikulipata. Mama yake, Bi Habibah, kanipikia malewa – machipukizi ya mianzi kwa karanga. Nilitaka kuyadharau. Nikaomba tena.

Zubairi mwenyewe kanisalimia toka nje ya mlango, kichwa chini, nusu yake nyuma ya pazia. Bi Habibah akanieleza: kwao mtu hamtazami mama mkwe usoni, na mimi niliyemlea binti ndiye mama mkwe. Angalau adabu wanayo. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mkoba wa kiofisi. Nikamuuliza kazi.

"Niko kwa usafiri, hajati. Laini ya Jinja. Kila siku niko kwa gari."

Mfanyabiashara, nikajiambia. Nikampigia Lukman: jibu nitakupa kesho, ila mwambie mtoto ale.

Alhamisi, 7 Agosti. Mbale, ndani ya teksi.

Geresom kabaki na magodoro yake, narudi Jinja kwa teksi! Huku matatu ndiyo teksi. Naandika kwa kuwa sina la kufanya, gari haliondoki mpaka lijae. Nililichagua hili kwa sababu lilikuwa limebakiza kiti kimoja. Eti nina akili.

Kuingia tu – mbele yangu Zubairi! Shati safi, mkoba magotini. Aliponiona akageukia dirishani, akajifunika gazeti. Nikafurahi. Hata garini anamstahi mkwe! Sikumsemesha, nisije nikamtia haya.

Nikangoja tuondoke. Abiria mmoja akashuka. Akaja mwingine na masanduku, akakaa. Akashuka wa pili. Akaingia mwingine. Na hao wanaoshuka hawana hata mfuko! Nikamuuliza mama wa kando yangu, mwenye gunia la mchele, kulikoni.

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Hajati, hawa si abiria. Wanalipwa kukaa tu. Watu wakiona gari iko na watu, wanaingia. Abiria mwenyewe akikuja, wao wanatoka, wanaenda kukaa kwa gari ingine."

Nikaitazama shingo ya Zubairi. Imelowa jasho.

Usafiri! Laini ya Jinja! Na hakusema uongo hata neno moja, mshenzi huyu. Damu ilinichemka. Mtoto niliyemlea mimi aolewe na mtu ambaye kazi yake ni kukalia kiti? Nikatoa simu nimalize maneno na Lukman hapo hapo.

Kondakta akachungulia. "Zubairi! Toka bwana, mwenye kiti amefika." Mlangoni mzee na begi lake.

Hakutoka. Akanyoosha nauli. "Leo mimi naenda Jinja."

"Jinja? Wewe?" Kondakta akawaita wenzake waje wasikie. "Kila siku unaenda Jinja, hujafika hata Iganga hapo njiani!"

Wakacheka wote. Hata mama wa mchele.

"Naenda kwa mzee Lukman," akasema, kwa sauti ya kunifikia mimi. "Naenda kumwambia kazi yangu mimi mwenyewe."

Mimi sikucheka. Niliona aibu, na sijui aibu ile ilikuwa yake au yangu. Mzee bado kasimama mlangoni. Nikapakata mkoba wangu, nikasogea, nikamwambia apande akae hapa, kati yangu na mama wa mchele. Sasa tumebanana, na begi lake liko juu ya miguu yangu. Si kwamba nimemkubali yule kijana. Hapana! Kazi gani ile?

Simu inaita. Lukman. Dada, nimjibu nini mtoto?

Nimemwambia asubiri, mtandao mbaya, tuko njiani. Gari bado halijatoka stendi.