Jina la Bwana Mluzi

Jumatatu, 7 Oktoba
Zamu ya asubuhi. Nimewaogesha wazee watano na kuwalisha uji. Mmoja kanitemea. Simlaumu, uji wenyewe hauna hata chumvi. Treni ya kurudi Norsborg imejaa hadi mlangoni. Kufika nyumbani, nakuta barua pepe kutoka jumba la nyaraka la Ujerumani. Miezi saba nimeisubiri. Mwenye shamba: Ernst Wellbrok. Nimeisoma mara tatu, koti bado mwilini.

Basi babu yangu ana jina.

Mama ana miaka themanini na saba. Kwenye cheti chake cha ubatizo, mahali pa jina la baba pana mstari. Anachojua ni hiki tu: baba yake alikuwa Mjerumani mwenye shamba la kahawa kule Oldeani, na vibarua walimwita Bwana Mluzi, maana alikagua mibuni huku akipiga mluzi. Vibarua hawakuhangaika na majina ya Wazungu. Walikuangalia siku mbili tatu, wakakupa lao, yameisha. Mpaka leo pale panaitwa Kwa Mluzi.

Mama hataki urithi wala pasipoti. Anataka misa. Padre husoma jina la marehemu altareni, na yeye hajawahi kuwa na jina la kumpelekea. Moyo wake umechoka. Daktari wa Karatu hakutuficha.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimempigia mama. Tumaini, binti yangu, alinionya. Yeye ni mhandisi huko Kista, hanywi maziwa bila kusoma tarehe. "Vänta lite, mamma," kasema kwa Kiswidi chake. Ngoja kidogo. Nani angoje? Nimengoja miaka hamsini na sita.

Mama alilirudia jina mara sita, kila mara tofauti, zote vibaya. Kaka yangu Boni, anayekaa naye, anasema karatasi ya jina iko chini ya mto.

Jumapili, 13 Oktoba
Misa imesomwa. Boni kanitumia sauti. Padre kasema "Enesti Welibroki", kisha mama akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha kuzuia machozi. Mimi sikuzuia. Ndizi zimeungua jikoni. Tumaini kazila hivyo hivyo. Nampenda mtoto huyu.

Jumatano, 16 Oktoba
Mjukuu wa Wellbrok, niliyemtafuta mtandaoni kwa jina hilo, amejibu barua yangu. Jochen, mwalimu mstaafu. Tumaini, aliyesoma Kijerumani shuleni, kanitafsiria. Mtu mstaarabu, hakushtuka wala kujitetea. Ila anasema babu yake hakulianzisha lile shamba. Alilinunua. Alishuka meli Tanga na mke na watoto wawili. Ameweka na tarehe.

Tarehe hiyo mama alikuwa anatembea, ana meno.

Nimehesabu kwa vidole. Tumaini kahesabu kwa kompyuta. Jibu ni lile lile.

Sasa naona nilipokosea. Mluzi aliondoka, jina likabaki na shamba. Mimi nikauliza mwenye Kwa Mluzi alikuwa nani, nikapewa aliyekuja nyuma yake. Kwetu kosa hili lilikuwa linanisubiri. Karatu kuna duka la Mama Asha, limeuzwa mara tatu, mwenyewe yuko kaburini, na bado tunanunua sukari kwa Mama Asha. Mjerumani wa nyaraka atayajulia wapi hayo?

Nimemsomesha mama misa ya mtu baki. Mdomo huponza kichwa. Wangu umemponza na mama yangu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Boni anasema tunyamaze. Dada, mwache, siku hizi anamaliza sahani. Tumaini anasema bibi aambiwe, ni baba yake, si wetu. Wote wawili wana haki, na wote wawili wameniudhi. Nimemwandikia Jochen: nani aliwauzia?

Kazini nimemvalisha mzee mmoja sweta ya mwenzake. Wamefurahi wote.

Jumanne, 22 Oktoba
Mama kanipigia mwenyewe, sauti ya msichana. Kaagiza msalaba wa saruji, uandikwe Wellbrok, usimikwe ubavuni mwa kaburi la bibi. Fundi anaanza Jumatatu. Jina la mwanamume asiyemhusu, pembeni ya mama yake, milele.

Nilipaswa kusema pale pale. Nikauliza habari za mvua. Mwoga mimi.

Jumamosi, 26 Oktoba
Jochen amejibu. Mkataba wa mauziano. Muuzaji: Anton Kressig. Na zaidi ya hapo, barua za bibi yake alizokuwa akiwaandikia kwao kutoka Oldeani. Kwenye moja analalamika kwamba Bwana Kressig anapiga mluzi hata mezani, anashukuru Mungu anaondoka. Nimecheka peke yangu. Ndiye. Ndiye huyo huyo.

Barua ya pili, Tumaini aliisoma akaishia katikati. Nikamwambia aendelee. Mke wa Wellbrok anaandika kwamba kwenye nyumba za vibarua kuna mtoto wa kike mweupe mweupe, hakuna anayemzungumzia, na mama yake humfunika kwa nguo kila wao Wazungu wanapopita.

Tumaini kanikumbatia muda mrefu. Kwa Kiswahili kasema: Pole, mama. Huwa ananijibu Kiswidi tu.

Jumapili, 27 Oktoba
Nimemwambia mama. Nimesema yote mfululizo nisije nikaogopa. Kimya. Nikamsikia Boni anavuta kiti. Nikajua moyo, nimeuua kwa mdomo wangu.

Kumbe anafikiri. Akauliza kama yule wa kwanza ana watu wa kumwombea. Sijui, nikasema. Basi misa haikupotea, akasema, sasa nitajie huyu polepole, Boni aandike. Halafu ndipo nikala za kwangu: "Mama Tumaini, wewe tangu mdogo unaonja mboga haijaiva." Kweli tupu. Kaagiza fundi asimame kwanza.

Nikamweleza na habari ya nguo.

"Naikumbuka. Ilinuka moshi. Nilidhani tunacheza."

Akaniambia nikate simu, vocha zinaisha. Niliyepiga ni mimi.

Alhamisi, 31 Oktoba
Mama kamwita padre nyumbani. Wamefungiana saa nzima. Boni hajui walisema nini, na udaku unamtesa. Mapigo ya moyo hayako sawa tangu jana. Daktari kakataza asitoke. Mama kasema daktari si Mkristo.

Naangalia bei za ndege. Ninaogopa sana.

Jumamosi, 2 Novemba
Siku ya Marehemu Wote. Hapa giza limeingia saa kumi jioni. Watu wamebeba mishumaa kwenda makaburini.

Boni kapiga baada ya misa. Mama alikataa kubebwa. Alitembea na fimbo hadi benchi la mbele.

Bibi, Monika Qamara, alibeba mimba bila ndoa. Kwa desturi yetu Wairaqw, binti wa namna hiyo hakukaa nyumbani kwao. Walimtoa. Akajifungulia kwenye nyumba za vibarua, na maisha yake yote hakuna aliyemtaja pamoja na mwanamume yeyote. Kila Novemba mama humsomesha misa, peke yake.

Leo padre alisoma: Anton Kressig na Monika Qamara, wazazi wa Paskalina.

Ndiyo waliyofungiana kuyapanga. Paskalina ni mama. Alisimama aliposikia jina lake, ingawa wengine wote walikuwa wamekaa, akabaki amesimama mpaka padre alipomaliza orodha nzima ya marehemu wa parokia.

Sasa amekunywa chai, amelala. Mapigo yametulia kidogo.