Akala za Punda wa Mama

Uthiru, Jumapili baada ya kanisa

Kwa Musyoka, ndugu yangu mdogo,

Sikuulizi hali yako, maana najua umeshiba na unalala. Nauliza hali ya Mama, na hali ya Chifu, punda wake. Mimi ni mzima ila nina hasira tangu Jumanne, na kwa kuwa ukiona namba yangu unakata simu, nakuandikia.

Jumanne nilikuwa kazini kama kawaida, nimemshika farasi mguu huku fundi wetu, Mzee Karanja, akimvisha viatu. Huyu farasi hukimbizwa mbio ndefu za kutwa nzima kwenye mawe, ndiyo maana kati ya kwato na kiatu cha chuma huwekwa kipande cha mpira, ili kishindo kisimpande mguuni. Mwenye farasi, mama mmoja wa Parklands, alikuwa amesimama hapo akilalamika kuwa tunamcheleweshea na jemu ya magari ya Westlands itamkuta. Hapo ndipo Mama alipopiga simu.

"Mwende, mwanangu, kwa nini ulimwambia Musyoka ampigilie Chifu akala? Hasimami tena."

Mimi! Krismasi niliwasimulia kazi yangu, basi. Wewe ulikuwa unakula mbuzi, ukasikia neno mpira, mengine yote yakateremka na supu. Ukakata tairi kuukuu, ukachukua misumari ya mabati, ukampigilia mnyama wa watu, ukamtwika mitungi ukaenda naye mtoni. Alipoanguka ukamwambia Mama nimekuagiza mimi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, Musyoka.

Nilipomweleza Mzee Karanja, aliweka nyundo chini. "Misumari ya mabati? Huyo brathe yako ni fundi ama ni adui? Msumari ya farasi ni nyembamba, inapita tu pale pembeni penye hakuna uhai, kama ukucha. Huyo amepiga ndani kwa nyama!"

Hata yule mama wa Parklands alisahau jemu. "Na punda ya kubeba maji ilikuwa inataka viatu ya nini?" akauliza. Chifu ametembea kwenye mawe ya kwetu maisha yake yote na hakuwahi kuomba kiatu. Niliona haya mbele ya watu wa kazini kwa ajili yako.

Mdharau mwiba mguu huota tende, ila hapa aliyedharau ni wewe na aliyeota tende ni Chifu.

Sasa sikiliza. Usiguse hiyo misumari kwa koleo lako. Nimeongea na daktari wa mifugo wa pale sokoni, atakuja Alhamisi aing'oe na kuosha usaha. Anasema Chifu akipona, hatabeba kitu mpaka kwato zikue upya, na hiyo si kazi ya wiki moja. Asipopona sitaki hata kuandika. Mama ana goti bovu, na nimeambiwa juzi alionekana akipanda kutoka mtoni na mtungi mgongoni, mkanda wa kuubebea umemkaza kwenye paji la uso. Wewe ulikuwa wapi?

Barua hii anaileta shangazi Kalekye, aliyekuja huku kumwona mjukuu wake. Nimemwambia asikupe mkononi. Aisome kwa sauti, Mama akiwa ameketi hapo, ajue kwamba sikukutuma.

Nisalimie mkeo, na pole zake. Msalimie mwalimu wa kwaya, aliyekuwa wa kwanza kumpelekea Chifu majani pale alipolala. Chifu mwenyewe akunwe nyuma ya masikio, lakini na Mama, si wewe.

Ni mimi dada yako, ingawa wiki hii si kwa kupenda,
Mwende

Shangazi, ukifika hapa, toa ule mkanda wa kubebea mitungi niliokufungia kwenye gazeti, umpe Musyoka. Nimeukadiria kwa kichwa chake. Na nimeushonea mpira kwa ndani, asije akasema unamwumiza.